Laptopu ya mtumba: pesa yako ianzie kwenye diski

Mtu akinunua laptopu ya mtumba na kuniuliza aiongezee nini, simtajii kipanya chenye taa wala feni ya kupoozea. Namwambia abadilishe diski.

Laptopu nyingi za maofisini zilizotoka kabla ya mwaka 2015 bado zina diski ya kizamani: ndani mna sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohangaika huku na huko kutafuta mafaili. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo madogo, na hapo ndipo mashine inapostaki, nawe unadhani imezeeka. SSD, diski ya kuweka badala yake, haina kinachozunguka. Kila kitu kimo kwenye chipu. Ya SATA husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, lakini utamu wake hasa uko kwenye hayo mafaili madogo. GB 256 zinawatosha wengi. Kabla ya kulipa, muulize fundi kama mashine yako inapokea ya inchi 2.5 au ya M.2, na kama ni M.2, iwe ya SATA au ya NVMe. Wenye haraka hukosea hapo.

Ikishafungwa, mwambie aiwashe na afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure. Itakuonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi. Ukikuta maelfu ya saa kwenye diski uliyoambiwa ni mpya, rudisha. RAM nayo, kama ni GB 4, ipandishe ifike 8.

Flashi ya TB 1 inayouzwa kwa bei ya GB 32 iache hapohapo. Chipu yake imechezewa iitangazie kompyuta ukubwa isiokuwa nao. Unakopi picha za harusi, majina ya mafaili yanaonekana, ukiyafungua hamna kitu. Programu ya H2testw huijaza flashi nzima kisha huisoma upya, na uongo hujitokeza wenyewe.

Kwenye programu, usilipe wala usitumie zilizokrakiwa. Programu inayokutaka uzime antivairasi kwanza imeshakwambia nia yake. LibreOffice inatosha kwa barua, hesabu na ripoti za shule. Mpangilio wa faili la Word huweza kuyumba kidogo, kwa hiyo ukimtumia bosi, tuma PDF. Kwa filamu na muziki weka VLC, mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, nao ni bure hadi leo.

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za kabla ya 2015 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mfumo wa Linux Mint huzipa maisha mengine. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote; printa na Wi-Fi zikikubali, isimike.

Na magemu? Chukua Battle for Wesnoth, mchezo wa vita wa kuchezwa kwa zamu kama drafti, unaopatikana bure tangu mwaka 2003. Unahitaji akili kuliko mashine, na ukishaupakua hauhitaji bando kuucheza peke yako. Kwa laptopu isiyo na kadi ya picha, mimi sijaona unaouzidi.