Kijani cha Jani na Wekundu wa Damu

Maji yaliyotuama kwenye majaruba ya mpunga, ya Mbarali na Kyela yakiwemo, ni makazi mazuri ya sianobakteria, vijidudu vilivyoanza kutoa oksijeni kwa nguvu ya jua zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Jamaa yao mmoja alimezwa na seli nyingine, na kizazi chake ndicho kinachofanya usanisinuru leo ndani ya jani la chai la Mufindi na Rungwe. Kwa hiyo anayetaka kuelewa rangi ya mmea wake aanze na vijidudu hivi, maana ndani yao kijani cha jani na kiini cha wekundu wa damu hutengenezwa kwa njia moja.

Njia hiyo huanza na glutameti, asidi ya amino ya kawaida kabisa, inayogeuzwa kuwa molekuli ndogo iitwayo ALA. ALA nane huunganishwa, hatua kwa hatua, hadi ipatikane pete yenye atomi nne za naitrojeni. Hapo njia hugawanyika: kimeng'enya kimoja kikiweka chuma katikati ya pete, inakuwa hemu, kile kiini cha wekundu wa damu; kingine kikiweka magnesiamu, safari inaelekea kwenye klorofili, kijani cha jani. Hemu nayo ina kazi. Husaidia kusafirisha elektroni, na nyingine hukatwa pete yake zikapatikana rangi za kunasa mwanga ambao klorofili huuacha. Yote hufanywa kwa kipimo, kwa sababu pete zisizokamilika zikirundikana juani huzalisha oksijeni yenye sumu.

Yupo atakayesema kufanana huko kwa kijani cha jani na wekundu wa damu yetu ni bahati tu, kwa kuwa mwili wa binadamu hutengeneza ALA kwa kutumia asidi nyingine ya amino, glaisini. Ni kweli, lakini kutoka ALA hadi hemu hatua zetu karibu zote ni zilezile. Wala hilo halithibitishi kwamba juisi ya majani hugeuka damu: mwili hauna uwezo wa kuweka chuma mahali pa magnesiamu ya klorofili. Mboga husaidia damu kwa chuma na foleti zilizomo.

Tukirudi shambani, udongo wenye tindikali wa maeneo ya mvua nyingi hupoteza magnesiamu kwa urahisi, na bila magnesiamu klorofili haikamiliki hata naitrojeni ikitosha. Mkulima, ukiona mahindi yana umanjano kati ya mishipa ya majani ya chini, na mishipa yenyewe imebaki kijani, pima udongo kwanza kabla ya kuongeza urea.