Hollywood Ilipodai Fadhila Yake Bungeni

Chris Dodd alikaa katika Seneti ya Marekani miaka 30. Alistaafu Januari 2011, na haikutimia miezi mitatu akawa mkuu wa MPAA, chama cha studio kubwa za filamu za Hollywood. Sheria ilimzuia kwa miaka miwili kuwashawishi maseneta aliokuwa akikaa nao jana. Chama chake hakikuzuiwa. Mwaka huohuo miswada miwili ya kupambana na uharamia wa filamu na muziki ilifika bungeni: PIPA katika Seneti, SOPA katika Baraza la Wawakilishi.

Uharamia ni wizi wa jasho la watu. Anayerekodi filamu kwa siri ukumbini na kuiuza anamnyang'anya riziki mwandishi, mpiga picha na fundi wa sauti. Lakini dawa iliyopendekezwa ilikuwa kali kupita ugonjwa: tovuti ya nje ya nchi ikituhumiwa, kampuni za intaneti zingeamriwa kuifungia njia, na za malipo na matangazo kuikatia fedha. Wahandisi walionya kwamba kuchezea mfumo wa majina ya tovuti kungedhoofisha usalama wa mtandao mzima. Novemba 2011 kamati ya Baraza iliita mashahidi sita kuhusu SOPA. Google peke yake ndiyo iliyosimama kuupinga. Wahandisi hawakuitwa.

Wananchi walijiita wenyewe. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga kwa saa 24, na Google ikakusanya saini zaidi ya milioni 7. Siku mbili baadaye miswada yote miwili iliwekwa kando.

Siku hizohizo Dodd alitoa ya moyoni. Kwenye runinga ya Fox aliwaambia wanasiasa wanaoitegemea Hollywood kwamba wasije kumwomba hundi wanapohofia viti vyao, kisha wamzibie masikio yeye anapokuwa taabani. Maelfu ya raia waliiomba Ikulu ichunguze kama huo si mlungula. Mimi nashukuru aliyasema hadharani, maana mpiga kura alisikia bei ya sheria ikitajwa.

Tena wabunge walikuwa na sababu ya kutilia shaka vilio vya studio. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkuu wa chama hichohicho, aliifananisha mashine ya video, mbele ya wabunge, na muuaji wa wanawake wa Boston. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu mashine hizo ziendelee kuuzwa, na miaka michache baadaye kanda za video zikawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya studio zilezile.

Aprili 2024, huko Las Vegas, mkuu wa chama hicho, Charles Rivkin, alitangaza kwamba watarudi bungeni kutafuta sheria ya kufungia tovuti. Safari hii wahandisi waitwe, na waitwe kabla ya kalamu kushika karatasi.