Jiwe la Figo Hushika Wapi?

Msomaji mmoja anauliza: dada yake alikwenda hospitali kwa maumivu ya jiwe la figo, akaambiwa apimwe pia shinikizo la damu, sukari na lehemu. Figo na moyo wapi na wapi?

Mwaka 2013 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu 242,105, wengi wao wauguzi wanawake. Kwa wanawake waliowahi kupata jiwe, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilizidi kwa asilimia 18 katika kundi moja na 48 katika jingine. Kwa wanaume ongezeko halikuthibitika, hilo tuliache. Mimi kinachonivutia ni jiwe lenyewe: linapata wapi muda wa kukua?

Maana mkojo haukai figoni, unapita tu. Mwaka 1978 Finlayson na Reid walipiga hesabu wakaona kuwa chembe ya fuwele inayoelea peke yake husombwa nje kabla haijakua kiasi cha kuziba njia. Ndivyo ilivyo kwa kijichaza kichanga kinachotafuta makao: kikikosa pa kushika, mkondo unakichukua. Kikiupata mzizi wa mkoko, kinajenga gamba, mwenzake anashika juu ya gamba hilo, na siku moja maji yakipwa unakuta kichane kizima kinachohitaji panga kukibandua.

Mzizi wa figoni aliuona Alexander Randall, daktari wa Philadelphia, mwaka 1937. Akichunguza figo za maiti, alikuta madoa meupe kwenye chuchu za figo, pale mkojo unapotokea, na juu ya baadhi yake jiwe dogo limejipachika. Mimi nayaita ukoga wa Randall, ingawa ukoga huu haupigwi mswaki: umo ndani ya nyama. Huanzia kwenye utando mwembamba unaozunguka vijifereji vya figo, husambaa, kisha ngozi laini ya chuchu ikichanika hukutana na mkojo. Hapo fuwele za kalsiamu oksaleti hushika, tabaka juu ya tabaka.

Sasa tazama ukoga wenyewe umeumbwa na nini: kalsiamu fosfeti, jamii ileile ya madini yanayokaza mfupa, na ileile inayokakamaza kuta za ateri. Kwenye ateri, seli za misuli hubadili tabia zikaanza kutenda kama seli za mfupa. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoshuku kuwa hata ukoga wa figo huanzia kwenye vijishipa vya damu vinavyoshuka sambamba na vile vijifereji. Ni dhana bado, lakini naipenda.

Dada apimwe, basi. Anywe maji ya kutosha, na maziwa asiyaache, kwani kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika figoni. Apunguze chumvi: ndiyo inayoivuta kalsiamu kwenye mkojo, na ndiyo inayopandisha shinikizo.