Je, Wajua Kwa Nini Magari Makuukuu Huchemsha Goma?

Je, wajua kwamba maji ya Goma hayangoji kufika nyuzijoto 100 ndipo yachemke? Mji huu umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha unapanda taratibu kuelekea Munigi na Kibati, ambako mwinuko unapita mita 1,800. Huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo maji ya Goma huchemka yakifika nyuzijoto 95 hivi. Mpishi wa maharage hulijua hilo kwa makaa anayoyamaliza. Mwenye gari kuukuu hulijua kwa mvuke unaofoka chini ya boneti.

Malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana, yawe ya Corolla, RAV4 au Hiace ya abiria. Gari limechemsha mlimani, fundi akabadilisha mpira wa maji. Limechemsha tena, ikabadilishwa pampu. Halafu rejeta yenyewe, ile wanayoiita radiatere kwa athari ya Kifaransa. Mwishowe gasketi ya silinda hedi imeungua, injini imefunguliwa, pesa zimekwisha, na baada ya muda mfupi geji ya joto inapanda tena. Hukumu inayotolewa garajini ni moja: gari limezeeka, liuze. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Mfumo wa kupoza injini hauuawi na umri peke yake. Huuawa na maji tunayoutilia, na huuawa na kifaa kidogo ambacho hakuna anayekikagua.

Kazi inayofanywa na maji

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la mwako hupita nyuzijoto 2,000. Alumini, inayotumika kuundia silinda hedi za magari mengi ya leo, huyeyuka kwa nyuzijoto 660. Injini inanusurika kwa sababu joto linaondolewa haraka kuliko linavyoweza kukiharibu chuma. Katika nishati yote iliyomo ndani ya mafuta, karibu theluthi moja hutoka na moshi kwenye ekzosi, karibu theluthi nyingine hubebwa na maji ya kupozea, na iliyobaki ndiyo inayozungusha magurudumu na kushinda misuguano ya ndani. Kwa maneno mengine, rejeta hutupa nje joto linalokaribiana na nguvu yote inayokusogeza barabarani.

Safari ya maji ni ya mzunguko. Pampu huyasukuma kupitia bloku na silinda hedi, ambako huokota joto, kisha hufika kwenye themostati. Ndani ya themostati mna nta maalumu. Injini ikiwa baridi nta ni ngumu na mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate moto upesi. Yakifika nyuzijoto 82 hivi, katika injini nyingi za Kijapani, nta hutanuka na kuusukuma mlango, na maji hupata njia ya kwenda kwenye rejeta. Humo hugawanyika katika mirija myembamba yenye mapezi ya bati, hewa ikapita katikati na kulichukua joto.

Maji yalichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu yana uwezo mkubwa wa kubeba joto: kilo moja ya maji ikipanda nyuzi moja hubeba joto mara nne zaidi ya kilo moja ya hewa. Pikipiki nyingi za wamotari wa Goma hutegemea hewa peke yake, na ndiyo maana silinda zake zina mapezi ya nje yanayoonekana. Injini ndogo huvumilia hivyo. Injini ya gari lenye abiria kumi na mizigo ya sokoni haiwezi.

Wavumbuzi wa kwanza wa magari walihangaika na jambo hilihili. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipozwa kwa kuyaacha maji yachemke na kupotea hewani. Mkewe, Bertha Benz, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, ilimbidi asimame mara kwa mara njiani kulitafutia maji. Dawa ilipatikana mwishoni mwa mwaka 1900, Wilhelm Maybach alipoliundia gari la Mercedes rejeta ya vijirija zaidi ya 8,000. Joto lilitoka upesi, na maji machache yakatosha kuzunguka yaleyale bila kupotea. Tangu siku hiyo kanuni ni moja: gari zima halinywi maji. Linaloongezewa maji kila asubuhi ni gonjwa, hata kama linatembea.

Mfuniko mdogo, kazi kubwa

Sasa turudi kwenye zile nyuzijoto 95. Injini inafanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 85 na 95. Mtu wa Goma atauliza: basi mbona magari yote ya mji huu hayachemshi kila siku?

Jibu liko kwenye mfuniko wa rejeta. Tazama juu yake: mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni mgandamizo, kwa kipimo kinachokaribiana na baa, ambao springi ya mfuniko huuzuia ndani kabla ya kuruhusu maji yatoke. Maji yanayogandamizwa huchelewa kuchemka. Mfuniko wa 0.9 ulio mzima huyapeleka maji ya Goma hadi karibu nyuzijoto 116 kabla hayajachemka. Hapo dereva ana nafasi ya nyuzi 20 na zaidi za usalama.

Springi ikilegea, au mpira wake ukipasuka, nafasi hiyo inatoweka. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95, yaani kwenye joto ambalo injini huliona kuwa la kawaida. Gari la namna hii likiwa Mombasa lina nyuzi tano za kupumulia. Goma halina hata moja. Kibati, ambako maji huchemka mapema zaidi, linachemsha kabla halijamaliza mlima.

Mfuniko una kazi ya pili. Injini ikipoa usiku, maji husinyaa, na kijimlango kidogo katikati ya mfuniko hufunguka ili yale yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba yarudi ndani. Kijimlango hicho kikiziba, asubuhi utakuta mpira wa maji umebonyea. Watu huulaumu mpira, wakanunua mwingine, na mgonjwa wa kweli akabaki palepale juu ya rejeta.

Maji ya ziwa, maji ya mvua

Goma imejengwa juu ya lava. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 1977, ikalipuka tena Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, kisha Mei 2021. Ardhi ya namna hii hunyonya mvua upesi, na visima ni shida kuchimba. Maji ya mji hutoka ziwani, kwa mabomba ya shirika la maji la REGIDESO au kwa mabidoni ya njano yanayopanda mitaani juu ya mabega, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao. Wengine hukinga mvua kutoka kwenye mabati.

Maji ya Ziwa Kivu yana tabia yake. Chemchemi zilizo chini ya ziwa huleta chumvi kutoka kwenye miamba ya volkeno, hata maji ya juu yakawa na gramu moja hivi ya chumvi katika kila lita, hasa bikaboneti, sodiamu na magnesiamu. Maji hayo yakipashwa moto, bikaboneti hugeuka kaboneti na kuganda. Huo ndio ukoko mweupe wa ndani ya birika. Ndani ya mirija ya rejeta ukoko uleule hupunguza njia ya maji na kuzuia joto lisitoke. Tena mvuke unapopotea, chumvi haiondoki nao: gari linalopoteza kwa mvuke lita moja kila siku, likaongezewa maji ya ziwa, kwa mwezi mmoja limebakiwa na gramu 30 hivi za chumvi tumboni.

Kuna la pili. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo haupendi alkali. Maji ya juu ya Kivu yana pH ya karibu 9, kiwango ambacho huanza kuula. Anayekimbilia maji ya mvua naye hajapona, kwa sababu moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi za salfa, klorini na florini. Zikikutana na mvua huwa tindikali, na pepo huzisukuma zaidi upande wa magharibi, Sake na Masisi. Tindikali nayo huula utando uleule.

Ndiyo sababu kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini, si anasa. Wengi hudhani ni dawa ya nchi za barafu, na kwa kuwa Goma haigandi, wanaiona ni pesa ya bure. Kweli, kulanti huzuia maji yasigande. Lakini pia hupandisha kiwango cha kuchemka, na zaidi ya yote hubeba kemikali zinazokinga chuma na alumini visiliwe. Kinga hizo huchakaa, kwa hiyo kulanti hubadilishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji hata kama rangi yake bado inapendeza.

Barabara nayo inadai

Rejeta huhitaji hewa, na hewa ya mwinuko huu ina uzito pungufu kwa asilimia 14 hivi kuliko ya pwani. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa haba. Ongeza vumbi la lava linalojaza mapezi, matope ya msimu wa mvua, na barabara zinazolazimisha gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma na gari likitambaa. Hapo upepo wa mbele haupo, feni ndiyo tegemeo la pekee. Kuyaosha mapezi kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, vumbi likarudishwa lilikotoka, ni tiba ya bei nafuu inayosahaulika.

Tiba zinazoua

Ya kwanza ni kung'oa themostati. Inafanywa katika garaji nyingi za Afrika Mashariki kwa imani kwamba maji yatapita kwa uhuru. Injini huchelewa kupata moto, ikala mafuta mengi na kuchakaa upesi. Tena katika injini kadhaa themostati ndiyo inayoifunga njia ya mkato ya maji: ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha zaidi.

Ya pili ni kumimina unga wa kuziba matundu, au yai bichi, ndani ya rejeta. Vinaziba tundu, na vinaziba mirija pia.

Ya tatu ni kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Hedi ya alumini iliyofungwa juu ya bloku ya chuma tayari imejikaza. Ukiipoza ghafla inapinda au kupasuka. Injini ya dizeli ya Toyota 1KZ-TE, iliyotiwa kwenye Prado na Hilux Surf tangu miaka ya 1990, inajulikana duniani kwa ufa wa hedi baada ya kuchemsha, na mpangilio wake ni huohuo, alumini juu ya chuma.

Ufanye nini?

Geji ikipanda, zima kiyoyozi na usimame mahali salama. Zima injini, usiguse mfuniko. Maji yaliyogandamizwa kwa nyuzi 110 huchemka papo hapo yakifunguliwa, na mvuke wake huunguza uso na mikono. Subiri hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza.

Kabla ya kununua rejeta nyingine, mwombe fundi akague kwa mpangilio: mfuniko, feni, uvujaji wa mipira na pampu, themostati ikiwa ndani ya maji ya moto ili aone kama inafunguka, kisha mirija ya rejeta. Akikuta mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au moshi mweupe usiokoma, gasketi au hedi ndiyo imeharibika, na hakuna mpira wala pampu itakayoponya hilo. Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu wake kabla ya kurudishwa, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ile ya kwanza.

Mfumo usafishwe, kisha utiwe kulanti inayolingana na gari lako. Kama ni ya kuchanganya, ichanganywe na maji yaliyokenekwa, yale safi ya kuongezea betri, wala si asidi yake. Kidumu kidogo cha mchanganyiko huo kikae ndani ya gari, ili siku ya dharura usilazimike kukimbilia bidoni la ziwani. Ukilazimika, tia ufike nyumbani, kisha yamwage yote.

Mwenye gari wa Goma, usikubali kuambiwa kwamba gari lako limekufa kwa uzee kabla hujauliza maswali mawili: mfuniko wake bado unazuia mgandamizo, na ndani yake mna maji gani? Vitu hivyo viwili ni miongoni mwa vile vya bei ndogo katika mfumo huo. Vikiwa sawa, gari lililoundwa miaka 25 iliyopita litapanda Kibati na geji yake itatulia katikati.