Glavu Isiyo na Tundu Nayo Hupitisha Sumu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukipewa glavu za mpira hutazama kama zina tundu. Tusipoliona, tunaingia kazini kwa imani. Hilo halitoshi.

Mpira umefanyika kwa molekuli ndefu kama nyuzi zilizosokotana. Baina yake mna nafasi ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Maji hayapenyi kwa urahisi, lakini petroli, tina na mafuta ya kuyeyushia dawa za wadudu huingia upande wa nje, hujipenyeza kati ya nyuzi hizo na kutokea kwenye ngozi.

Agosti 1996, huko Marekani, Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth alidondokewa na matone machache ya sumu kali yenye zebaki juu ya glavu yake. Alifariki Juni 1997. Majaribio yalionyesha sumu ile hupenya glavu kama zile kwa sekunde 15 au pungufu.

Basi tusiulize tu kama glavu zipo. Tumwulize mwajiri: zinazuia dawa ipi, na kwa muda gani? Jibu lipatikane kabla ya kazi kuanza.