Kusanidi Draiva ya Itifaki: Vifaa vya Jengo Vinavyopeana Data

Mada hii ni sehemu ya mawasiliano ya data. Kukariri maana ya itifaki si kazi ngumu. Kazi huanza pale swali linapokupa kifaa, kompyuta na waya, kisha likakutaka ueleze namna ya kuviwezesha kuwasiliana. Soma mfano ulio hapa chini hatua kwa hatua, kisha jibu maswali ya mwisho bila kuangalia majibu.

Maana ya dhana kuu

Itifaki ni kanuni ambazo vifaa viwili hukubaliana kuzifuata ili vielewane. Katika soko la Nyangoto, Mkurya na Mjaluo hupatana bei ya mahindi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wote wawili wanaifahamu. Vifaa navyo huhitaji lugha ya pamoja.

Katika majengo, itifaki mbili hutumika sana. Ya kwanza ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani. Ya pili ni BACnet, iliyoandaliwa na chama cha wahandisi cha ASHRAE. Kazi ya kuiandaa ilianza mwaka 1987, na kiwango chake kikachapishwa mwaka 1995.

Draiva ni programu inayofanya kazi ya ukalimani kati ya kompyuta na kifaa. Kusanidi draiva ni kuipa taarifa inazohitaji ili ijue izungumze na kifaa gani, kupitia njia ipi, na isome nini.

Mfano wa kujifunzia

Tuseme kituo cha afya kilichopo Nyangoto kina friji ya chanjo. Chanjo zilizomo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Kidhibiti cha friji kinatumia Modbus, lakini mfumo wa kompyuta unaosimamia jengo zima unatumia BACnet. Draiva inawekwa katikati. Kitabu cha maelekezo cha friji kinasema hivi:

- Anwani ya kifaa: 5
- Kasi: biti 9600 kwa sekunde
- Rejista 40011: joto la sasa, kizidishi 0.1
- Rejista 40012: joto lililopangwa na fundi, kizidishi 0.1

Hatua za kusanidi

1. Njia ya mawasiliano. Friji imeunganishwa kwa waya wa RS-485, ambao unaweza kufika umbali wa takribani mita 1200. Vifaa vyote katika waya huo lazima viwe na kasi moja. Draiva ikiwekwa kasi ya 19200 wakati friji ina 9600, hakuna kitakachosomeka.

2. Anwani. Katika Modbus, kila kifaa hupewa anwani kati ya 1 na 247. Vifaa viwili katika waya mmoja visipewe anwani moja, kwa sababu vitajibu kwa pamoja na majibu yatagongana.

3. Rejista. Rejista ni kijisanduku cha biti 16 kinachotunza namba moja. Hapa ndipo penye mtego. Kitabu huhesabu kuanzia 40001, lakini ujumbe unaosafiri katika waya huhesabu kuanzia 0. Kwa hiyo rejista 40011 huombwa kwa namba 10, wala si 11.

4. Kizidishi na aina ya namba. Rejista haitunzi nukta. Joto la 5.8 hutunzwa kama 58, na draiva huzidisha kwa 0.1. Draiva ielezwe pia kwamba namba inaweza kuwa hasi, maana friji inaweza kushuka chini ya sifuri, na ziko chanjo zinazoharibika zikiganda.

5. Upande wa BACnet. Draiva hupewa namba ya utambulisho kuanzia 0 hadi 4194302, isiyofanana na ya kifaa kingine chochote katika mtandao huo. BACnet inapopita katika mtandao wa IP, poti yake ya kawaida ni 47808.

6. Kukatika kwa mawasiliano. Umeme ukikatika au waya ukichomoka, draiva ioneshe hitilafu. Isiendelee kuonesha namba ya mwisho iliyosomwa, kwa kuwa msomaji atadhani ni ya wakati huo.

7. Kuhakiki. Weka kipimajoto ndani ya friji, kisha linganisha kipimo chake na namba iliyo kwenye kompyuta. Fungua mlango kwa muda mfupi kabla chanjo hazijawekwa, uone kama namba inapanda.

Kosa la kuogopa zaidi

Ukikosea kasi au anwani, draiva hukosa majibu na fundi hujua mara moja kuwa kuna tatizo. Sasa tazama atakayeandika 11 badala ya 10 katika hatua ya 3. Draiva itasoma rejista 40012, yaani joto lililopangwa. Kama fundi alipanga nyuzi 5, kompyuta itaonesha 5.0 asubuhi, mchana na usiku. Friji inaweza kuharibika na kufikia nyuzi 15, lakini kompyuta itaendelea kuonesha 5.0 na kengele haitalia. Mtoto atachomwa chanjo iliyopoteza nguvu, na hakuna atakayejua.

Kumbuka: mawasiliano kufanikiwa si uthibitisho kwamba data ni sahihi. Ndiyo maana hatua ya 7 hairukwi.

Maswali ya kujipima

1. Badili 47808 kuwa namba ya kizio cha 16.
2. Draiva imesoma 65526 kutoka rejista ya biti 16 yenye namba zinazoweza kuwa hasi. Kizidishi ni 0.1. Joto ni nyuzi ngapi?
3. Kompyuta imeonesha 5.0 kwa siku tatu bila kubadilika. Toa sababu mbili zinazowezekana, na ueleze namna ya kuhakiki.

Majibu

1. Gawa kwa 16 mfululizo na uandike mabaki: 0, 12, 10, 11. Soma kutoka la mwisho: BAC0. Angalia herufi tatu za mwanzo: ndizo zinazoanzia jina la BACnet, na zinakusaidia kuikumbuka namba hiyo.

2. Rejista ya biti 16 ina hali 65536. Namba inayoanzia 32768 na kuendelea huhesabiwa kuwa hasi: 65526 − 65536 = −10. Zidisha kwa 0.1, upate nyuzi −1.0. Friji inagandisha. Ambaye hakueleza aina ya namba angepata 6552.6.

3. Huenda draiva inasoma rejista ya joto lililopangwa, au mawasiliano yamekatika na namba ya zamani imebaki. Hakiki kwa kulinganisha na kipimajoto kilicho ndani ya friji, kisha kagua namba ya rejista na hali ya waya. Usiishie kutaja sababu tu. Swali limetaka pia uhakiki, na sehemu hiyo ina alama zake.