Kinyonga Mgonjwa Hahitaji Chumba

Ukimwona mtu mtaani Huruma, hapa Eldoret, amembeba kinyonga juu ya kijiti huku mkono ameunyoosha mbali na mwili, ama anakwenda kumtupa au amemwokoa kutoka kwa watoto wenye mawe. Waokoaji ni wachache. Wabukusu husimulia kwamba kinyonga aliomba chakula, akanyimwa, akamlaani binadamu afe. Wakikuyu nao humlaumu kwa kuuchelewesha ujumbe wa uzima. Mnyama wa urefu wa kalamu amebebeshwa vifo vyote tangu dunia iumbwe, na wakili hana.

Wanaonishughulisha, hata hivyo, si wapiga mawe. Ni wenye moyo mwema, maana aliyeponea mawe anaweza kufia nyumbani kwa mwokozi wake, tena polepole zaidi.

Huwekwa kwenye katoni karibu na dirisha, eti apate jua. Kioo hupitisha joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, na mwili huanza kuikopa kwenye mifupa. Deni huonekana baadaye: taya linabonyea kama mpira, miguu inapinda, vidole vinatetemeka vikishika tawi, na mwishowe ulimi haufyatuki. Nzi anatua mbele yake, macho yote mawili yanamlenga, mdomo unafunguka, halafu basi. Mwenye nyumba husema mnyama amekosa hamu ya kula.

Hapo ndipo watu hukimbilia agroveti. Eldoret ni mji wa maziwa na mahindi, kwa hiyo rafu zimejaa dawa za ng'ombe. DCP ya kuwaongezea ng'ombe madini ina fosforasi nyingi, ilhali wadudu anaokula kinyonga tayari wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa hadi likawa vumbi, linafaa zaidi, na halina gharama. Panzi hupakwa vumbi hilo kidogo kabla ya kuliwa. Ivermectin, dawa ya minyoo, nayo haikosekani dukani. Inajulikana kuwaua kobe, na sioni sababu ya kumkadiria kinyonga dozi kwa chupa iliyoandikiwa fahali wa kilo 400.

Maji nayo yana utata wake. Kinyonga hunywa matone yaliyo kwenye majani. Anaweza kukauka hadi kufa kando ya bakuli lililojaa. Macho yakidumbukia ndani na ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikawa rangi ya chungwa, amepungukiwa na maji, na figo zake ziko hatarini.

Mwaka 1972, makumi ya vinyonga wa Jackson, wale wenye pembe tatu wa nyanda zetu za juu, walipelekwa kutoka Kenya hadi kwa mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, Hawaii. Walifika wamekonda, wamekaukiwa na maji. Akawaachia uani wapate nguvu, akitumaini kuwakusanya baadaye. Nguvu walipata, na hadi leo hawajakusanyika. Wameenea visiwani na wanahesabiwa wavamizi wanaokula konokono na wadudu wa kule. Kenya ilipiga marufuku biashara ya kuwauza nje mwaka 1981. Kwa mazingira ya Hawaii ule ulikuwa uzembe mtupu. Kama tiba, sijaona iliyoishinda: majani, mvua, na jua lisilopitia kioo.

Eldoret ina hayo yote bure. Tuko takriban mita 2,100 juu ya bahari, nusu digrii tu kutoka ikweta. Vinyonga wa nyanda za juu huustahimili usiku wa baridi. Chumba cha mabati saa saba mchana ndicho kinachowaua. Aliyevunjika mguu asitiriwe nje, kwenye kichaka kilichofunikwa kwa chandarua ili paka na kunguru wasimfikie, nusu kivuli, akinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Mifupa ya wanyama watambaao huunga polepole, kwa miezi, na kumshikashika kila mgeni anapokuja hakuharakishi chochote. KWS, shirika la wanyamapori nchini, nao waarifiwe mapema: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa anayemweka mnyama wa porini, na nia njema si kibali.

Akipona, arudishwe kwenye ua uleule alikotolewa, iwapo ua wenyewe upo. Huruma ploti zinagawanywa, kayaba inang'olewa, ukuta wa mawe unapanda, na ukutani hakuna jani la kunywea umande.